Halmashauri zitenge fedha za maafa kabla ya kimbunga, si baada yake

Mhariri,

Kila inapotajwa habari ya Kimbunga Hidaya, iwe vikaoni au kwenye safu za magazeti, husikika maelezo kwamba nchi yetu ilijipanga vizuri na ndiyo maana madhara yakawa madogo kuliko yalivyohofiwa. Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge nusu ya maelezo hayo. Ni kweli kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mapema, kwamba boti za Zanzibar zilisitisha safari, na kwamba wavuvi wengi walivuta vyombo vyao nchi kavu. Lakini kimbunga chenyewe kilipofika Mafia Mei 4, 2024 kilikuwa kimeishiwa nguvu, na hata katika udhaifu wake huo mvua zilizoandamana nacho ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, zikatuacha watu wa kusini bila njia ya uhakika kwa siku kadhaa. Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2019, Mtwara ilifunga shule na ofisi ikisubiri Kimbunga Kenneth, nacho kikaenda kupiga Cabo Delgado kwa jirani zetu wa Msumbiji. Mara zote mbili tumenusurika kwa sababu ambazo hazikutoka mikononi mwetu, na mimi naona ni hatari kuzihesabu kuwa ushahidi wa maandalizi.

Kama tunataka kujifunza, tujifunze kwa waliopigwa sawasawa. Alfajiri ya Novemba 8, 2013, kimbunga kilichopewa jina la Haiyan, ambacho Wafilipino wenyewe wanakiita Yolanda, kilitua Guiuan katika kisiwa cha Samar kikiwa na upepo uliokadiriwa kupita kilomita 300 kwa saa, kisha kikavuka kwenda Leyte na kuupiga mji wa Tacloban uliokuwa na wakazi zaidi ya 200,000. Idadi rasmi ya waliokufa ilifikia 6,300, wengine zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena, watu wapatao milioni 4 wakayahama makazi yao, na nyumba zaidi ya milioni moja ziliharibika au kubomoka kabisa. Minazi iliyoangushwa au kuharibiwa ilikadiriwa kuwa milioni 33. Watu wa Mafia na Kilwa hawahitaji kufafanuliwa uzito wa hesabu hiyo, kwa sababu wanajua kwamba mche unaopandwa leo utaiweka familia kwenye subira ya miaka sita au zaidi kabla haijaangua nazi ya maana.

Msiba huo uliwakuta watu walioonywa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Rais Benigno Aquino alilihutubia taifa kwenye televisheni na kueleza uzito wa kinachokuja. Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, PAGASA, ilikwisha kutaja uwezekano wa bahari kupanda hadi mita 7. Watu karibu laki nane waliondolewa kwenye maeneo ya hatari kabla upepo haujafika. Aidha, tangu mwaka 2010 Ufilipino ilikuwa na sheria ya usimamizi wa maafa, Sheria ya Jamhuri Namba 10121, iliyosifiwa na wataalamu wa nchi nyingi. Kwa hiyo anayedhani kwamba utabiri mzuri na sheria nzuri vinatosha, aanzie hapa kufikiri upya.

Kilichoua watu wengi zaidi Tacloban ni maji. Mji huo uko mwishoni mwa Ghuba ya San Pedro, ghuba ya kina kifupi inayozidi kuwa nyembamba kadiri inavyoingia ndani, na upepo ulipoisukuma bahari kuelekea huko maji hayakuwa na pa kwenda isipokuwa juu, hadi mita tano na zaidi katika baadhi ya maeneo. Watu walikuwa wamezoea vimbunga, kwa maana hupigwa navyo kila mwaka, lakini walivizoea kwa upepo: waliezeka vizuri, wakafunga madirisha, wakabaki na mzee mmoja au kijana wa kulinda mali. Viongozi nao walichagua vituo vya kukimbilia kwa mazoea hayo hayo. Shule, makanisa na kumbi zilichaguliwa kwa uimara wa kuta na paa, na mara nyingi hakuna aliyeuliza sakafu yake iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Katika ukumbi mkubwa wa mikutano na michezo unaojulikana kama Astrodome, uliokuwa umejaa waliokimbilia usalama, maji yaliingia kwa kasi na waliokuwa chini wakalazimika kukimbilia kwenye viti vya juu; si wote waliowahi. Watu hao walitii amri ya serikali, waliacha nyumba zao kama walivyoambiwa, na wakafia mahali walipopelekwa.

Hapa ndipo ninapouliza kuhusu kwetu. Nimefanya kazi katika idara ya mipango ya halmashauri hadi kustaafu, na najua jinsi orodha ya vituo vya dharura inavyoandaliwa. Mtu anachukua orodha ya shule za msingi na zahanati, anaiambatanisha kwenye mpango, na mpango unapitishwa. Katika kata ninayoishi sasa hapa Lindi, kituo kilichotajwa ni shule ya msingi iliyoko bondeni, yenye bati lililochakaa na matundu ya vyoo machache kwa wanafunzi wenyewe, na ufunguo wa madarasa hukaa kwa mwalimu ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mkondo unaojaa kila masika. Wakati wa Hidaya gari la matangazo lilipita na kipaza sauti likituambia tuchukue tahadhari na wanaoishi mabondeni wahame. Tuhamie wapi halikusema, na nina hakika dereva wake naye hakuambiwa. Mji huu umekaa kwenye ghuba ambamo Mto Lukuledi unamwaga maji yake baharini, na sehemu yake ya zamani iko chini kabisa. Sijawahi kuona kwenye ofisi yoyote ya mtaa ramani inayoonyesha bahari ikipanda mita mbili itafika nyumba ya nani, na ikipanda nne itafika wapi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mpima ardhi, wiki chache, na mtu aliyeagizwa kuifanya.

Mfano ulio kinyume cha Tacloban upo, tena umetoka katika kimbunga hicho hicho. Tulang Diyot ni kisiwa kidogo katika manispaa ya San Francisco, kwenye visiwa vya Camotes mkoani Cebu. Haiyan ilipopita, nyumba zote za kisiwa hicho, zipatazo 500, zilibomolewa. Wakazi wake, wapatao 1,000, wote walitoka wakiwa hai, kwa sababu siku moja kabla walikuwa wamehamishiwa kisiwa kikubwa. Uamuzi wa kuhama ulikuja kwa urahisi kwa kuwa manispaa hiyo, chini ya meya wa zamani Alfredo Arquillano, ilikuwa imejenga kwa miaka kadhaa mtindo wa kugawa kila kijiji katika vikundi vidogo vya kaya vinavyoitwa purok, kila kikundi kikiwa na viongozi wake, shughuli zake za usafi na mazingira, na akiba yake ya dharura inayochangwa na wanakikundi. Mtu aliyekuja kugonga mlango na kusema tuondoke alikuwa jirani anayejulikana kwa jina, aliyekwisha kuwaongoza katika mambo mengine madogo. Umoja wa Mataifa uliitunuku manispaa hiyo mwaka 2011, yaani kabla ya kimbunga kuja kuipima.

Sisi tuliwahi kuwa na mfumo wa nyumba kumi, ambao leo umebaki zaidi kuwa wa chama kuliko wa mtaa, na sipendekezi turudi huko. Ila nasema kwamba Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, ambayo inashusha kamati za maafa hadi ngazi ya kata, kijiji na mtaa, itabaki makaratasi endapo kamati hizo zitaundwa siku ya msiba. Muulize mwenyekiti wa mtaa wako leo ni kaya ngapi mtaani kwake zina mgonjwa asiyeweza kutembea, na nani mwenye pikipiki au bajaji ya kumbeba.

Umuhimu wa ngazi ya chini unaonekana zaidi tukitazama siku za kwanza baada ya Haiyan. Serikali ya mji wa Tacloban ilisambaratika: askari polisi, wauguzi na watumishi wa mji nao walikuwa wamepoteza nyumba na ndugu, na waliofika kazini walikuwa wachache mno. Simu zilikatika, uwanja wa ndege uliopo kando ya bahari ukaharibiwa vibaya, na miili ya marehemu ikalala barabarani kwa siku nyingi. Meli kubwa ya Marekani ya kubeba ndege, USS George Washington, ilifika Novemba 14. Siku sita zote hizo, aliyemwokoa mtu, aliyempa maji na aliyemfunga kidonda alikuwa jirani yake. Kwetu pia mambo huwa hivyo. Ndege iliyoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba mnamo Novemba 2022 ilifikiwa kwanza na wavuvi kwa mitumbwi yao, na tulichofanya baadaye ni kuwasifia, wakati walichostahili ni mafunzo, majaketi ya kuokolea maisha na utaratibu unaowatambua.

Huko Tacloban, juu ya hayo ukaongezeka mvutano kati ya serikali kuu na uongozi wa mji, ambao mizizi yake ni ya kisiasa ya miaka mingi baina ya ukoo wa Aquino na ukoo wa Romualdez aliokuwa akitoka meya wa Tacloban. Sisi hatuna ugomvi wa koo katika utawala, lakini tuna utata wetu. Mkuu wa wilaya ndiye anayeongoza kamati ya maafa, ilhali afisa masuuli wa fedha za halmashauri ni mkurugenzi. Siku ya mafuriko, mmoja anatoa agizo na mwingine anatafuta kifungu cha kulipia mafuta ya gari la kulitekeleza. Nimekuwapo kwenye vikao vya namna hiyo. Hakuna mtu mbaya ndani yake; kila mmoja anachelea mkaguzi.

Sasa nifike kwenye fedha, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo Tanzania ingelichukua Ufilipino bila kusita. Sheria yao ya mwaka 2010 inaitaka kila serikali ya mtaa kutenga si chini ya asilimia 5 ya makadirio ya mapato yake ya kawaida kwa ajili ya maafa. Kati ya fedha hizo, asilimia 30 huwekwa kama akiba ya kukabili dharura mara moja, na zinazobaki hutumika kabla: kuchimba mifereji, kununua redio za mawasiliano, kufanya mazoezi ya kuhama, kuimarisha vituo. Zisipotumika ndani ya mwaka haziyeyuki, bali huingia kwenye mfuko maalumu na zinaweza kutumika kwa kazi hiyo hiyo katika miaka mitano inayofuata. Yeyote aliyewahi kuona jinsi idara za serikali zinavyokimbizana na Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, ataelewa uzuri wa kifungu hicho cha mwisho.

Utaratibu huo una kasoro, na ni lazima tuzione kabla ya kuiga. Asilimia 5 ya mapato ya manispaa tajiri ni fedha ya maana. Asilimia 5 ya manispaa maskini ya Samar ya Mashariki, inayopigwa na vimbunga kuliko nyingine, haitoshi hata kujenga kituo kimoja kilicho imara. Kwetu ingekuwa hivyo hivyo. Halmashauri za Dar es Salaam zingepata mabilioni, na Mafia, ambayo ndiyo iliyosimama mbele ya Hidaya, ingepata kiasi cha kununulia mahema. Ndiyo maana napendekeza mambo mawili yaende pamoja: kila halmashauri itenge sehemu ya mapato yake ya ndani, hata ikianza na asilimia 2, na serikali kuu ijazie halmashauri zenye mapato madogo na hatari kubwa, kupitia mfuko wa taifa wa maafa, kwa kanuni inayojulikana mapema na isiyosubiri ziara ya kiongozi.

Najua nitaambiwa kwamba halmashauri zimekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Lakini tayari sheria yetu inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ingawa mikopo hiyo iliwahi kusimamishwa ili utaratibu wake urekebishwe, dhana ya kutenga kwa mujibu wa sheria imezoeleka kwa madiwani na wakurugenzi. Hatubuni kitu kigeni. Isitoshe, kikundi cha wanawake waliokopeshwa kulima mwani au kufuga kuku hakiwezi kurejesha mkopo ikiwa mwani umesombwa na banda limekwenda na maji, kwa hiyo fedha za maafa zinalinda pia zile za mikopo.

Kuna somo la misaada ambalo halizungumzwi sana huku. Baada ya Haiyan, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, pamoja na kugawa mchele, lilipitisha fedha taslimu kwa familia kupitia Pantawid Pamilya, mpango wa serikali ya Ufilipino wa ruzuku kwa kaya maskini, kwa sababu mpango huo ulikuwa tayari na orodha za majina na njia za malipo. Masoko yalipoanza kufunguka, familia zilinunua zilichohitaji. Sisi tuna TASAF, yenye orodha ya kaya vijiji vyote vya Rufiji na Kibiti, lakini mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba wilaya hizo tuliendelea kwa kiasi kikubwa na mtindo wa kupokea magodoro, unga na ndoo mbele ya kamera. Sibezi godoro kwa aliyelala kwenye matope. Ninachosema ni kwamba mama mwenye watoto watano ana haki ya kuamua mwenyewe kama leo anahitaji unga au nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, na kwamba kanuni ya kuongeza malipo ya TASAF kwa muda kwenye eneo la maafa ingeandikwa sasa, wakati wa utulivu, isingechukua muda kutekelezwa.

Kuhusu ujenzi upya nitasema kidogo tu. Wafilipino waliahidi nyumba zaidi ya laki mbili kwa waliopoteza makazi, wakatangaza ukanda wa mita 40 kutoka baharini kuwa usiojengwa, na miaka minne baadaye idadi kubwa ya nyumba hizo ilikuwa bado haijajengwa au haijahamiwa. Zilizokamilika ziko mbali na bahari, na nyingine zilikaa muda mrefu bila maji ya uhakika, wakati wanaopewa ni wavuvi. Mvuvi ukimpeleka kilomita kadhaa kutoka kwenye mtumbwi wake atarudi pwani, atajenga kibanda pale pale palipokatazwa, na utamlaumu bure. Tunapopanga kuwahamisha watu wa mabondeni na wa pwani, tukumbuke kwanza wanakula nini.

Je, Ufilipino yenyewe ilijifunza? Desemba 2014, Kimbunga Hagupit kilitua Dolores, katika kisiwa kile kile cha Samar. Safari hii watu zaidi ya milioni moja waliondolewa mapema, na Tacloban wengi waliondoka bila kusukumwa. Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 18. Hagupit ilikuwa dhaifu kuliko Haiyan, na kumbukumbu za mwaka uliotangulia zilifanya nusu ya kazi, kwa hiyo nisiipambe kupita kiasi. Na Desemba 2021 kimbunga kingine, Rai, kilichopata nguvu kwa kasi kikikaribia nchi kavu, kiliua watu zaidi ya 400. Hata hivyo tofauti kati ya mwaka 2013 na 2014 ilitokana kwa sehemu kubwa na mambo yanayowezekana: kuhama mapema zaidi, na kuchagua vituo kwa kuangalia maji pia.

Wapo watakaosema vimbunga kwetu ni nadra, na fedha zitalala. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliteketeza mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini, na cha Aprili 1952 kiliipiga pwani yetu hii ya Lindi. Tacloban nayo ilikuwa imewahi kupigwa na bahari ya namna hiyo hiyo mwaka 1897, na waliokufa 2013 hawakuwa na babu wa kuwasimulia. Lakini hata kama kimbunga kisije kwa miaka thelathini, fedha hizo hazitalala. Hadi Aprili 2024 mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 kwa takwimu ambazo Waziri Mkuu alizitoa bungeni mwezi huo, na kabla ya hapo, Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilikwisha kufukia sehemu ya Katesh. Mfereji, redio, kituo cha juu na orodha ya kaya vinafaa kwa mafuriko kama vinavyofaa kwa kimbunga.

Kubadili sheria kutachukua muda, lakini kuanza hakuhitaji kusubiri sheria. Kila mwaka Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, na halmashauri huufuata. Aya moja katika mwongozo ujao, inayozitaka halmashauri zote za ukanda wa pwani kutenga kifungu cha maandalizi ya maafa na kuambatanisha orodha ya vituo vilivyokaguliwa na mhandisi pamoja na mpima ardhi, ingetosha kwa mwaka wa kwanza. Naziomba Ofisi ya Waziri Mkuu na TAMISEMI ziieleze jamii, kupitia gazeti hili ikiwezekana, kama aya hiyo itakuwamo.

Mtumishi mstaafu wa serikali za mitaa,
Lindi